Halloween ya 2018 au Scream ya 2022: uweke ipi Jumamosi usiku?

Kabla ya jambo lolote, taja mwaka. Ukiingia duka la muvi pale Kondele, hapa Kisumu, na flashi mkononi ukasema "niwekee Halloween", kijana wa kaunta ana filamu tatu zenye jina hilohilo bila namba mbele yake: ya 1978, ya 2007 na ya 2018. Mimi nilitaja jina tu nikaondoka. Nilipofika nyumbani Migosi watu walikuwa wameshakaa, chai imemiminwa, njugu zimo kwenye sinia. Nikawasha, na dakika kumi baadaye nikatambua kwamba tunatazama ya 2007, ile ambayo mwongozaji Rob Zombie aliisimulia hadithi ya kwanza upya kwa namna yake. Mwendelezo wa 2018 niliowaahidi watu ulikuwa bado dukani. Scream nayo ina mtego huohuo: kuna ya 1996 na kuna ya 2022, jina ni moja, na hii ya pili ndiyo ya tano katika mfululizo.

Nimeulizwa swali hili na binamu zangu, na wanafunzi wa chuo waliopanga jirani yangu, na dada mmoja wa Milimani aliyetaka kuwaalika wenzake wa kazini: kati ya hizo mbili, ipi? Nimezionyesha zote kwangu, kila moja zaidi ya mara moja, mbele ya watu tofauti. Jibu langu hutegemea watu wako wakiogopa hufanya nini. Kuna nyumba ambayo watu wakiogopa hupiga kelele, hubishana, humwambia msichana kwenye skrini asifungue mlango. Hiyo ipe Scream. Kuna nyumba nyingine ambayo watu wakiogopa hunyamaza, mtu akavuta leso hadi mabegani na chai ikapoa mbele yake. Hiyo ipe Halloween.

Filamu za aina hii huitwa slasha. Aliyesoma shule ya msingi Kenya akisikia neno hilo anakumbuka kile chuma kirefu chenye ncha iliyopinda tulichofyekea nyasi siku ya Ijumaa, malengelenge yakitutoka viganjani. Kwenye sinema maana yake ni muuaji mmoja, kinyago kimoja, kitu chenye makali, na kundi la vijana wanaopungua mmoja mmoja mpaka abaki msichana mmoja wa kusimulia. Jambo linalonivutia katika filamu hizi mbili ni kwamba zote zinarudi kwa yule msichana baada ya miaka mingi na kumuuliza aliishije.

Historia kidogo, maana ndiyo inayoamua uanzie wapi.

Halloween ilianza 1978. John Carpenter aliiongoza, akaitungia muziki, na hadithi akaiandika pamoja na Debra Hill. Walikuwa na dola laki tatu na ushee tu. Kinyago cha muuaji, Michael Myers, kilinunuliwa dukani kikiwa na sura ya mwigizaji William Shatner. Wakakipaka rangi nyeupe na kupanua matundu ya macho. Pesa zilizorudi zilikuwa nyingi mno kuiacha hadithi ipumzike. Mwaka 1981 tukaambiwa Laurie Strode, msichana aliyenusurika, ni dada yake Michael. Mwaka 1982 ikatoka moja isiyo na Michael kabisa. Mwaka 2002 Laurie akauawa mwanzoni mwa filamu kana kwamba alikuwa mpita njia. Ilipofika 2018, David Gordon Green na mwenzake Danny McBride walichukua uamuzi mgumu: yote yaliyotokea baada ya 1978 hayakutokea. Udugu ukafutwa, kifo kikafutwa. Katika filamu yao kijana anautaja ule uvumi wa kaka na dada, na mjukuu wa Laurie anamjibu kwamba watu waliutunga tu.

Scream haikufuta chochote. Ya kwanza, ya 1996, iliandikwa na Kevin Williamson na kuongozwa na Wes Craven, na ujanja wake ulikuwa kwamba vijana wa mji wa Woodsboro wamezitazama filamu za kutisha, wanazijua kanuni zake, na bado wanachinjwa. Drew Barrymore, ambaye sura yake ilikuwa kubwa kwenye bango, anakufa kabla hujamaliza kikombe cha kwanza. Craven aliongoza zote nne, ya mwisho ikiwa ya 2011, kisha akafariki 2015. Hii ya 2022 ni ya kwanza bila yeye. Waongozaji wake, Matt Bettinelli-Olpin na Tyler Gillett, wameitoa kwa kumbukumbu yake, na hata wasichana wawili wa hadithi wamepewa jina la ukoo la Carpenter, salamu kwa yule wa Halloween.

Kwa mtu anayechagua, maana yake ni hii. Halloween ya 2018 inakudai filamu moja tu ya nyuma, nayo ina dakika 91. Hata usipoitazama utaelewa, kwa sababu kila kitu kinaelezwa upya. Scream ya 2022 bila ile ya 1996 ni kama kuingia kwenye harusi ya watu usiowajua. Watu wanacheka, wanalia, na wewe unauliza yule ni nani. Binamu yangu mdogo aliyezaliwa baada ya hata ya tatu kutoka aliniuliza hivyo mara nne usiku mmoja. Safari ya pili nilianza na ya 1996 saa kumi na moja jioni, tukala, kisha tukaweka ya 2022, na alikuwa mtu mwingine kabisa. Kama huna muda wa filamu mbili, hilo peke yake linatosha kukuamulia.

Anayekuja usiku ni nani

Huku kwetu kila mtoto amekua akisikia habari za jajuok, mkimbiaji wa usiku. Anatupa mawe juu ya mabati, anakwaruza mlango, anapita nyuma ya nyumba bila nguo, na kunapokucha ni mtu unayekutana naye kisimani akakuuliza habari za watoto. Haui mtu. Lakini ukilala kijijini, Siaya au Vihiga, ukasikia jiwe likiviringika juu ya paa, unachofanya kitandani ni kuhesabu majirani. Ni yule? Ni mke wa yule? Hofu yote imo humo: unamjua, ila hujui ni yupi.

Ghostface, muuaji wa Scream, ni jajuok aliyeshika kisu. Joho jeusi na kile kinyago kirefu chenye kinywa kilicho wazi ni vitu vinavyouzwa madukani, mtu yeyote anaweza kuvivaa, na katika kila filamu aliyevivaa ni mwingine. Ndiyo maana kelele huanza mapema kwangu. Dakika ya ishirini watu wameshagawanyika: hawa wanasema ni mpenzi wake, hawa wanasema ni yule msichana wa maktaba ya filamu kichwani, mmoja kila mara anasema ni polisi. Ghostface pia anaanguka. Anapigwa na mlango, anajikwaa kwenye kiti, anarushiwa vitu, kwa sababu chini ya joho ni binadamu mwenye magoti kama yako. Hapo watu hucheka, kisha kisu kinatua na kicheko kinakatika katikati. Simu nayo ina sehemu yake: sauti inayozungumza kwenye simu ni ya Roger L. Jackson, yuleyule tangu 1996, na ina upole wa mtu anayekuuzia kitu.

Michael Myers hana asubuhi. Hakuna saa anayovua kinyago akaenda kusalimia watu. Katika ile ya 2018 mwandishi wa habari anamfuata kwenye uwanja wa hospitali ambamo amefungwa miaka 40, sakafu imepakwa miraba kama ubao wa drafti, wagonjwa wengine wamefungwa minyororo. Mwandishi anatoa kile kinyago cha zamani na kukiinua. Mbwa wanabweka, wagonjwa wanapiga mayowe, kengele inalia. Michael hageuki. Tunauona mgongo wake na upande kidogo wa ndevu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza chai ilipopoa nyumbani kwangu.

Baadaye akishatoka, kuna picha moja ndefu ambayo ningependa kila mtu anayependa sinema aitazame. Ni usiku wa tarehe 31 Oktoba, watoto wanazunguka na mifuko ya peremende. Michael anaokota nyundo kibandani, anaingia nyumba ya kwanza kwa mlango wa nyuma, anaua, anachukua kisu cha jikoni, anapita kando ya kitanda cha mtoto mchanga anayelia. Anasimama kidogo. Anaendelea. Anatoka tena barabarani katikati ya watoto, hakuna anayemtazama mara mbili kwa sababu usiku huo kila mtu amevaa kinyago. Kamera haikatiki. Kwangu hakuna aliyesema neno, na kule nje pikipiki zilikuwa zikipita kama kawaida, na nilimwona binamu mmoja akigeuka taratibu kuangalia kama mlango wa jikoni una komeo.

Hakuna wa kumkisia kwa Michael, na hakuna sababu ya kutafuta. Mtu anayependa kutegua fumbo atachoka naye. Mwambie mapema.

Waliobaki

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana watu wengi wanaolinganisha filamu hizi huhesabu maiti na kuwasahau walio hai.

Jamie Lee Curtis alikuwa na miaka 19 alipoigiza Laurie mara ya kwanza, na ilikuwa filamu yake ya kwanza. Aliporudi kwa hii ya 2018 alikuwa na 59. Laurie wa 2018 ni nyanya. Anaishi nje ya mji kwenye nyumba yenye geti, taa kali kila pembe, bunduki ukutani na shimo la kujificha chini ya meza ya jikoni. Ameachika mara mbili. Binti yake Karen alichukuliwa na serikali akiwa na miaka 12 kwa sababu mama alikuwa akimfundisha kupigana badala ya kumwacha acheze. Mji mzima unamwona amevurugika. Familia imekaa hotelini kula chakula cha jioni kwa furaha ya mjukuu, naye anaingia amechelewa, anakunywa mvinyo haraka mno, na anaanza kulia mbele ya wote kwa sababu amemwona Michael akipandishwa basi la wafungwa. Binti yake anatazama meza kwa aibu.

Shangazi yangu hutazama nasi. Nyumbani tunamwita waya, kwa Kijaluo. Waya aliishi Nakuru miaka mingi, akauza nguo sokoni, na Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, alifika Kisumu na mkoba mmoja. Mkoba huo bado upo nyuma ya mlango wa chumba chake: kitambulisho, vyeti vya watoto, stakabadhi za ploti aliyoiacha, na shilingi kidogo zilizofungwa kwenye kitambaa. Hatujawahi kumwambia auondoe, lakini nakiri tumewahi kuuzungumzia pembeni kama watu wazungumziavyo tabia za wazee. Tulipofika kwenye meza ile ya hotelini, Waya aliweka kikombe chini.

"Huyu hajavurugika," alisema. "Hakuna aliyemuuliza."

"Wamuulize nini, Waya?"

"Analala vipi, mwanangu."

Sijapata maelezo bora ya filamu ile popote. Ilinichukua siku mbili kumuuliza yeye swali hilohilo, tukiwa wawili jikoni, na aliongea mpaka sufuria ya maji ikakauka. Kwa hiyo ninaposema Halloween ni ya watu wanaonyamaza, ninajua pia kwamba katika miji yetu hii kuna watu ambao kimya chao kina sababu. Ukiwa na mtu wa namna hiyo nyumbani, mwambie mapema filamu inahusu nini, mwachie achague. Waya alichagua kukaa hadi mwisho. Alipoona Laurie ameanguka kutoka roshani, Michael akachungulia chini na nyasi ni tupu, hakuna mtu, Waya alipiga paja kofi. Picha ile imegeuzwa kutoka 1978, ambako Michael ndiye aliyeanguka na kutoweka. Waya hakuwa ameiona ya 1978. Alielewa tu kwamba safari hii anayewinda amebadilika.

Scream ina watatu walionusurika: Sidney, wa Neve Campbell, Gale, ripota wa Courteney Cox, na Dewey, polisi wa David Arquette. Nakwambia wazi kwamba filamu si yao. Ni ya dada wawili, Sam na Tara, na wazee wanaitwa kuja kusaidia. Sidney anaingia amechelewa, ana watoto sasa, anajua kushika bastola, na hilo linapendeza kwa sababu hawakumfanya mnyonge. Lakini hatukai naye. Anayebeba uzito ni Dewey. Hayuko tena kazini polisi, ametalikiana na Gale, anaishi peke yake kwenye nyumba ya magurudumu iliyojaa chupa, na kila asubuhi anawasha televisheni kumtazama mke wake wa zamani akitangaza kipindi cha asubuhi katika mji mwingine. Ni sekunde chache. Macho yake hayatoki kwenye skrini. Kama wote wangepewa nafasi kama ile, ningekuwa na kazi ngumu zaidi kuchagua.

Kuhusu wasichana wenyewe, Jenna Ortega kama Tara ni sababu tosha ya kuitazama. Filamu inaanza naye peke yake nyumbani, simu ya mezani inalia, kama ilivyomlilia Drew Barrymore mwaka 1996. Tofauti ni kwamba milango ya Tara inafungwa kwa simu ya mkononi. Anabonyeza, komeo zote zinajifunga. Zinajifungua. Anabonyeza tena. Zinajifungua. Tuliokulia nyumba za kufuli la mkono tulitazama hivyo vidole vyake na kushukuru kwa kufuli letu.

Damu, sauti na saa ya kuanza

Zote mbili Marekani ziliwekwa daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi, na hapa Kenya si za watoto hata kidogo. Nyumba nyingi zetu sebule na chumba cha watoto vimetenganishwa na pazia au ukuta mwembamba, na sauti haina umri. Ama wapeleke kwa jirani, ama ungoje walale kweli.

Kuhusu damu, Halloween mwanzoni inakuonyesha zaidi kilichobaki baada ya tendo, kisha inabadilika na kuwa kali sana. Kuna meno yanayodondoshwa juu ya mlango wa choo cha kituo cha petroli ambayo mke wa binamu yangu hajayasamehe hadi leo. Scream ina kisu kwa karibu, na inakawia. Ina pia kitu ambacho filamu za kutisha huogopa kufanya: mauaji mchana kweupe, kwenye baraza la mbele, jua likiwaka na bustani ikiwa imepaliwa vizuri. Muda mfupi baada ya hapo kijana anaandaa meza jikoni, anafungua mlango wa friji, muziki unapanda, anafunga, hakuna mtu. Anafungua kabati. Muziki. Anafunga, hakuna mtu. Waongozaji wanajua kwamba tumefundishwa kuogopa mlango unaofungwa, nao wanatuchezea mpaka watu wangu wakaanza kuhesabu milango kwa sauti.

Kama una wufa nzuri, Halloween ndiyo itakayokulipa. Ule muziki wa piano wa 1978 umerudi, Carpenter mwenyewe akiupiga upya na mwanawe Cody na Daniel Davies. Una mapigo matano badala ya manne ya kawaida, ndiyo maana mguu wako ukijaribu kuufuata unateleza na mwili haupati pa kutulia. Scream inategemea maneno zaidi kuliko sauti. Vijana wake wanazungumza haraka, wanataja filamu kwa majina, wanabishana kuhusu namna ya kufufua mfululizo wa zamani bila kuwaudhi mashabiki, na kama Kiingereza cha Kimarekani cha kasi kinawapita watu wako, washa maandishi ya chini tangu mwanzo. Halloween unaweza kuifuata hata kama maneno mengine yamekupita.

Udhaifu upo pande zote. Halloween ina daktari mmoja ambaye katika sehemu ya mwisho anafanya jambo ambalo hadithi haikulihitaji. Ukilifika utalijua, vumilia, linapita haraka na kinachofuata ni kizuri. Scream inapofunua nani ni nani na kwa nini, sababu inahusu sinema zenyewe. Vijana wangu waliipenda sana. Waya alitikisa kichwa, akasema watu hawauani kwa ajili ya hadithi, akaenda kulala. Nadhani wote walikuwa sahihi kwa jinsi kila mmoja alivyoishi.

Halloween ina dakika 106, Scream 114. Mimi huanza saa mbili na nusu usiku, ili anayerudi Nyalenda au Mamboleo apate boda anayemjua kabla ya usiku kukomaa. Baada ya filamu hizi hakuna anayetaka kutembea.

Ukitaka usiku wa pili wa kuendeleza, hapo Scream inashinda bila ubishi. Ya sita ilitoka 2023, Sam na Tara wamehamia New York, na ingawa Neve Campbell hakurudi kwa sababu ya malipo, kuna kipande cha ndani ya treni ya chini ya ardhi iliyojaa watu waliovaa vinyago ambacho mtu yeyote aliyewahi kubanwa kwenye matatu ya jioni atakihisi mbavuni. Halloween iliendelezwa 2021 na 2022. Nimezitazama zote na ushauri wangu ni kuishia ile ya 2018, ambayo mwisho wake, wanawake watatu wa vizazi vitatu pamoja, hauhitaji nyongeza.

Na kama watu wako wanapenda kuzungumza baada ya filamu kuliko wakati wa filamu, kuna ya tatu ambayo sikuiweka kwenye mizani kwa kuwa ni ya namna yake: Candyman ya 2021, ya Nia DaCosta, dakika 91, mwendelezo wa ile ya 1992. Muuaji wake ni mtu mweusi aliyeuawa kwa dhuluma, na mahali pake ni mtaa wa Cabrini-Green wa Chicago, ambao maskini walihamishwa na nyumba za bei zikajengwa. Sisi tuliotazama vibanda vikibomolewa hapa mjini kwa ajili ya ujenzi tulikaa baada yake mpaka saa saba, na hakuna aliyezungumzia ndoano ya muuaji.

Kwangu mwezi huu tunaweka Halloween tena. Waya ameomba. Safari hii nimeitaja na mwaka wake dukani, nikasubiri kijana aifungue mbele yangu: mwanzoni kuna boga lililooza, limenywea chini, ambalo linajaa tena polepole mpaka linakuwa zima. Ukiliona hilo ujue umepewa yenyewe. Waya alipoliona mara ya kwanza alisikitikia boga, maana kwake hilo ni chakula cha siku mbili na majani yake ni mboga. Na majina yakianza kupanda mwishoni, usizime. Waambie watu wabaki walipo, ongeza wufa kidogo, na ngojeni mpaka jina la mwisho kabisa lipite na skrini iwe nyeusi, kwa sababu hapo kuna kitu cha kusikilizwa.